Siku ya Kuzaa na Njia ya Kuzaa kwa Mama Mwenye Sukari ya Mimba

Katika somo lililopita tulijifunza kwamba mimba inaweza kuleta ugonjwa wa sukari kwa mama ambaye mbele ya mimba hakuwa nao. Tulisema juu ya chakula, juu ya kutembea, na juu ya kupima damu. Leo tutajifunza neno lingine, ndilo wamama wanalouliza zaidi siku ya konsultasio: "Muganga, nitazaa lini? Nitazaa kwa njia ya kawaida, ao mutanipasua?"

Maulizo hayo yasingoje mwezi wa tisa. Mama anayekaa mbali na hospitali, ambaye barabara yake inaharibika wakati wa mvua, anapaswa kupata jibu katika mwezi wa saba ao wa nane, ili yeye na mume wake wapate wakati wa kujitayarisha.

Kwanza tukumbuke namna ugonjwa huu unavyomufikia mutoto. Sukari ya damu ya mama inapita katika kondo na kuingia kwa mutoto. Insulini ya mama haipiti. Basi mutoto mwenyewe anatengeneza insulini nyingi ili aishinde sukari hiyo, na insulini hiyo inamunenepesha. Unene huo unakaa zaidi mabegani na kifuani kuliko kichwani. Kwa hiyo inaweza kutokea kwamba kichwa kimetoka, na watu wanafurahi, kumbe bega limekwama nyuma ya mufupa wa mama. Wakati huo muzalishaji ana dakika chache tu. Akivuta kwa nguvu, mishipa ya shingo inayoendesha mukono inaweza kuharibika, na mutoto akabaki na mukono uliolegea. Akichelewa, mutoto anakosa hewa. Hiyo ni hatari ya kwanza. Ya pili ni mutoto kufa tumboni katika majuma ya mwisho, na hatari hii inazidi kama sukari ya mama haikutulia. Ya tatu ni mutoto kuzaliwa mapema, mapafu yake hayajakomaa. Na ujue kwamba insulini ile nyingi inachelewesha mapafu: mutoto wa mama mwenye sukari anaweza kuwa munene, mwenye mashavu mazuri, na bado akapumua kwa shida sana.

Unaona basi kwamba hatari hizi zinavutana. Mutoto akikaa sana tumboni, hatari mbili za kwanza zinakua. Akitolewa mbio, anakutana na ya tatu. Katika miaka ya 1950 waganga wengi wa Ulaya na Marekani walikuwa wakimuzalisha mama mwenye ugonjwa wa sukari karibu na juma la 36 ao 37, kwa kuogopa kwamba mutoto atafia tumboni. Wengi waliokolewa na kifo kile, lakini wengine walikufa kwa mapafu. Waganga wale hawakuwa wajinga. Hawakuwa na kipimo kidogo cha sukari ambacho mama anaweza kutumia nyumbani, wala ekografi. Sisi tunavyo, na kwa hiyo tunaweza kungoja zaidi, lakini kwa kuhesabu vizuri.

Na hapa ndipo watu wengi wanakosea. Mimba inahesabiwa majuma 40, yaani siku 280, tangu siku ya kwanza ya damu ya mwisho ya mwezi. Mama wengi hawaikumbuki siku hiyo, ao walikuwa wakinyonyesha na damu haikuwa imerudi. Kama ndivyo, ekografi ya miezi mitatu ya kwanza inasaidia sana, kwa maana wakati huo watoto wote wanakua karibu sawasawa. Ekografi ya mwezi wa nane inaweza kukosea majuma mawili ao matatu. Zaidi ya hayo, mutoto aliyenenepeshwa na sukari anaonekana mukubwa kuliko miaka ya wenzake, kama tungesema hivyo. Mashini inasema "juma la 39", na kumbe ni juma la 36 tu. Muganga akiamini mashini na kumuzalisha mama siku ile, amemutoa mutoto ambaye hajakomaa. Kwa sababu hiyo tunawasihi: njooni mapema kwa konsultasio, na mutunze ile fishi ya mimba. Karatasi ndogo iliyoandikwa tarehe katika mwezi wa tatu inaweza kuwa na faida kuliko mashini ya bei kali katika mwezi wa tisa.

Sasa, ni juma gani? Inategemea namna sukari ilivyotulia.

Mama anayechunga sukari yake kwa chakula na kutembea tu, bila dawa, na vipimo vyake ni vizuri, anaweza kungoja uchungu wake mwenyewe. Vipimo vizuri ni hivi: asubuhi mbele ya kula, chini ya 95, saa moja nyuma ya kula, chini ya 140, ao saa mbili nyuma ya kula, chini ya 120. Mama huyu hana haja ya kuzalishwa mbele ya juma la 39. Lakini asipitishe majuma 40 na siku 6. Kama siku hiyo inakaribia na uchungu haujaanza, tutauanzisha sisi.

Mama anayetumia insulini ao vidonge vya metformini, na sukari yake imetulia, atazaa katika juma la 39. Hatumwachi apite hapo.

Mama ambaye sukari yake inapanda siku kwa siku hata kwa dawa, huyu anaweza kuzalishwa katika juma la 37 ao 38, na muganga ndiye atakayepima. Mbele ya juma la 37 inaomba sababu nzito: damu kupanda sana, mutoto kuacha kukua, ao mambo mengine ya namna hiyo. Kama tunaona kwamba mutoto atatoka mapema hivyo, tunaweza kumupiga mama shindano la kukomaza mapafu ya mutoto. Shindano hilo linapandisha sukari kwa siku kadhaa, basi mama atakaa hospitali tumupime mara nyingi. Asiogope akiona hesabu imeruka.

Tuje kwenye njia ya kuzaa. Wengine wanafikiri kwamba kila mama mwenye sukari ya mimba lazima apasuliwe. Si kweli. Ugonjwa huu peke yake si sababu ya operasio. Wamama wengi wenye sukari ya mimba wanazaa kwa njia ya kawaida na wanarudi nyumbani salama.

Neno linaloweza kubadilisha mupango ni ukubwa wa mutoto. Kama tunafikiri kwamba mutoto anapita kilo 4 na nusu, tunazungumza na mama na mume wake juu ya operasio. Tunasema "tunafikiri", kwa kuwa hakuna mizani ndani ya tumbo. Ekografi inakosea mara nyingi sehemu 10 ao 15 kwa 100. Ikisema kilo 4, mutoto anaweza kuwa na kilo 3 na gramu 400, ao kilo 4 na gramu 600. Kwa hiyo hatuangalii mashini peke yake. Tunapapasa tumbo kwa mikono, na tunauliza: watoto wako wa mbele walikuwa na kilo ngapi? Walitoka namna gani? Kuna mumoja ambaye mabega yake yalikwama? Mama anayejibu maulizo haya kwa kweli anatusaidia sana. Anayeficha kwa haya, kwa sababu mutoto yule alikufa na familia haipendi kusema habari yake, anaficha neno ambalo lingemuokoa mutoto huyu.

Tena kuna sababu zinazohusu mama ye yote, mwenye sukari ao asiye nayo: mutoto amekaa kwa kupindana, kondo limefunga mulango, ao mama amekwisha kupasuliwa mara mbili. Mama aliyepasuliwa mara moja tu anaweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida, lakini pahali ambapo operasio inaweza kufanywa usiku na muchana.

Kwa nini hatupasui kila mama, tuepuke hatari ya mabega? Kwa sababu operasio nayo ina bei yake, wala si bei ya franga tu. Kovu linabaki katika tumbo la uzazi. Katika mimba zinazofuata kondo linaweza kushikamana na kovu hilo na kuleta damu nyingi sana, ao kovu linaweza kupasuka wakati wa uchungu. Katika inchi yetu, ambapo mama anaweza kutaka watoto watano ao sita na hospitali iko mbali, neno hili ni zito. Lakini sababu ikiwapo, operasio ni njia ya kuzaa kama njia nyingine. Watu wanaosema kwamba mama aliyepasuliwa "hakuzaa," ao kwamba amekosa imani, wanamuumiza bure mama mwenye kidonda. Tumesikia maneno hayo hata mulangoni mwa kanisa.

Tufikiri juu ya mama mumoja ili tuone namna mupango unavyofanywa. Ni mimba yake ya tatu. Anakaa kilometa 35 kutoka hospitali. Anapiga insulini jioni, na asubuhi kipimo chake ni 90. Mutoto wake wa pili alikuwa na kilo 4 na gramu 200, akatoka bila shida. Katika juma la 38 tunafikiri mutoto wa sasa ana kilo 3 na gramu 900. Tumupasue? Hapana. Arudi nyumbani angoje uchungu? Hapana vilevile; uchungu ukimukuta usiku, piki-piki itapita wapi kama muto umejaa? Afadhali katika juma la 38 aje kukaa katika nyumba ya kungojea, karibu na maternite, pamoja na dada ao shangazi wa kumupikia. Katika juma la 39 tutaanzisha uchungu. Muzalishaji anayejua kazi ya mabega atakuwapo, na chumba cha operasio kiko karibu. Watu wawili wa jamaa wapimwe damu mapema, kusudi ikihitajiwa ipatikane. Na mume aseme mbele ya muke wake kutoka nyumbani kama anakubali operasio ikiwa lazima, ili tusipoteze saa tatu tukimutafuta machimboni.

Kuanzisha uchungu kunafanywa hivi. Tunaangalia kama mulango wa tumbo la uzazi umelainika. Kama bado, tunatia mupira mudogo unaojazwa maji, ao tunatoa kidonge kidogo sana cha kuulainisha. Kidonge hicho hatumupi mama mwenye kovu la operasio. Kisha tunaweka perfuzio ya dawa inayoleta uchungu, matone machache machache. Kazi hii inaweza kuchukua siku moja, hata mbili. Jamaa wasikasirike wala wasilete dawa ya majani kwa siri. Dawa ile inaweza kuwa na nguvu kweli, na hapo ndipo hatari ilipo: hakuna anayejua kipimo chake, na tumbo la uzazi linaweza kupasuka.

Wakati wa uchungu tutapima sukari mara kwa mara, tukitaka ibaki kati ya 70 na 126. Sukari ya mama ikipanda saa zile, mutoto anatengeneza insulini nyingi zaidi. Kisha kitovu kinakatwa, sukari ya mama haiji tena, na sukari ya mutoto inaanguka. Kwa hiyo mutoto anyonye katika nusu saa ya kwanza, kisha kila saa mbili ao tatu, hata usiku. Maziwa yale ya kwanza ya manjano si uchafu. Ni dawa yake. Usimupe maji ya sukari ao chai nyumbani kwa siri. Sisi tutachoma kisigino chake kidogo na kupima damu. Akitetemeka, akilala bila kuamka kunyonya, ao midomo ikigeuka rangi, ita muuguzi mara moja. Tutawaweka hapa siku moja nzima kwa uchache, hata kama wote wawili wanaonekana wazima.

Neno moja la kutangulia siku hiyo. Katika majuma ya mwisho, mama asikilize mutoto anavyocheza. Akicheza kidogo kuliko desturi yake, usingoje tarehe iliyoandikwa. Njoo siku ile ile. Vivyo hivyo maji yakivunjika, damu ikitoka, ao kichwa kikiuma sana na macho kuona giza.

Kwa mama, dawa za sukari zinaachwa siku ile ile ya kuzaa, kwa kuwa kondo lililoleta ugonjwa limekwisha kutoka. Lakini kwa wamama wengine ugonjwa haukuondoka, ulikuwa umejificha tu. Basi siku utakapoleta mutoto kwa chanjo ya juma la 6, uje asubuhi mapema bila kula, na fishi yako mukononi. Tutakunywesha maji yenye gramu 75 za glukozi, na nyuma ya saa mbili tutapima damu. Lete chakula chako ukile kipimo kikiisha.