Injini inazunguka lakini haiwaki: tutafute chanzo kabla ya kumtafuta mkosaji



Katika eneo la Kabambare, gari si kitu cha starehe. Barabara ya kutoka Kasongo ni ya udongo, na msimu wa mvua huiharibu sana. Mapigano ya Salamabila, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, katika miaka ya 2017 hadi 2019, yalizifanya familia nyingi zihame. Kwa familia kama hizo, gari moja la zamani linaweza kuwa njia pekee ya kupata mbegu, dawa au kumfikisha mgonjwa hospitali.

Tuseme gari hilo linakataa kuwaka asubuhi ya mgao. Mara maneno yanaanza: dereva ameuza mafuta, wenyeji wanawazuia waliohama, waliohama wamependelewa. Kwa hiyo somo hili ni la ufundi, lakini pia ni la amani.

1. Tusikilize kwanza

Tuweke gia huru, tuvute breki ya mkono, na tuwaondoe watoto na wavuta sigara. Tuzungushe injini kwa sekunde 10 tu, kisha tuipumzishe dakika moja, ili tusiimalize betri wala kuunguza stata.

- Ikizunguka polepole, tuangalie betri. Betri nzima ya volti 12 ikiwa imepumzika huonyesha karibu volti 12.6. Tusafishe vichwa vyake na kukaza nyaya.
- Ikizunguka kwa wepesi kuliko kawaida, huenda mkanda wa ndani umekatika. Tuache mara moja na kumwita fundi.
- Ikizunguka kama kawaida, tuendelee na hatua ya 2.

2. Je, mafuta yanafika?

Mshale wa geji ya zamani hudanganya. Tuongeze lita 5 za mafuta safi kabla ya kubishana. Halafu, kwa gari la mazutu (dizeli), mtu mmoja atazame bomba la moshi wakati mwingine anazungusha. Moshi mweupe ukitoka, mafuta yanafika lakini hayashiki moto. Pasipo moshi wowote, yaelekea mafuta hayafiki.

3. Gari la mazutu

Injini hii haina cheche. Hewa hubanwa mpaka iwe moto sana, na mazutu yakipulizwa ndani huwaka yenyewe. Kwa hiyo tukague haya kwa mpangilio:

- Katika magari mengi ya zamani kuna kizibo cha umeme kwenye pampu ya mafuta. Tukifungua ufunguo, tusikie "tik". Kama ni kimya, tuangalie waya wake na fyuzi.
- Tufungue skrubu iliyo chini ya chujio. Maji ni mazito kuliko mazutu, hivyo hutangulia kutoka.
- Tulegeze skrubu ya kutolea hewa juu ya chujio, tupige pampu ya mkono mpaka mazutu yatoke bila mapovu, kisha tukaze. Mapovu yakirudi, tutafute mpira uliopasuka au klipu iliyolegea.
- Asubuhi ya baridi, tuzipe bujii za kupasha moto nafasi ya kufanya kazi kabla ya kuzungusha.
- Tuangalie kama chujio la hewa limezibwa na vumbi au matope.

Onyo: tusimwage esansi (petroli) kwenye njia ya hewa ya injini ya mazutu. Inaweza kulipuka, kuvunja injini na kuunguza watu.

4. Gari la esansi

Tutoe bujii moja. Ikiwa imelowa na inanuka esansi, injini imezidiwa na mafuta: tuzikaushe zote, tuzirudishe, tukanyage mafuta mpaka chini bila kupampu, kisha tuzungushe. Ikiwa ni kavu, mafuta hayafiki kwenye kabureta au hayatoki humo. Baada ya mvua, tukaushe pia nyaya za bujii na kifuniko cha kugawia umeme, kwani unyevu hupoteza cheche.

5. Ukweli mbele ya wote

Fundi asifanye kazi hii peke yake. Awepo dereva, mwakilishi wa familia zilizohama na mwakilishi wa wenyeji. Maji yakitoka kwenye chujio, wote wayaone. Lakini tuwe waangalifu: maji yanatuonyesha kwa nini gari limegoma, hayatuambii ni nani aliyeyatia. Huenda yalikuwa ndani ya bidoni, au yalitokana na unyevu wa tangi lililokaa nusu tupu.

Kisha kiongozi awaambie watu mambo matatu: tuliyoyakuta, tusiyoyajua bado, na saa tutakayotoa habari tena. Saa hiyo itunzwe, hata kama gari bado halijawaka. Watu wanaosubiri bila habari huijaza nafasi hiyo kwa uvumi.

Kwa siku zijazo, mazutu yatulie ndani ya bidoni usiku mmoja, yachujwe kwa kitambaa safi, na masalio ya chini yasitiwe tangini. Lita zinazoingia ziandikwe kwenye daftari, na dereva na shahidi watie sahihi. Daftari hilo humlinda dereva mwaminifu, na humpa kila mtu jibu bila ugomvi.

Maswali ya kujadiliana

- Kwetu, gari likikwama, nani hulaumiwa kwanza? Kwa nini?
- Ni nani kutoka kila upande anaweza kuwa shahidi wakati fundi anakagua?
- Je, kuna mgogoro mwingine kati yetu ambao tumeutolea hukumu kabla ya kuukagua hatua kwa hatua?