Kupima Haiba ya Msichana Aliyeshtakiwa

Mwalimu wa Dodoma, Mpwapwa au Kondoa aweza kuulizwa na ofisa ustawi wa jamii habari za mwanafunzi aliyeshtakiwa. Yafaa basi mwanachuo ajue uwezo na mipaka ya vipimo vya haiba.

Kipimo mashuhuri ni kile cha Minnesota, Marekani, kilichotungwa na Hathaway na McKinley na kuchapishwa mwaka 1943. Mpimwa hujibu sentensi zaidi ya 500 kwa "kweli" au "si kweli". Majibu yalilinganishwa na ya watu wa Minnesota, wengi wao wakiwa wageni waliokuja kuwaona wagonjwa hospitalini. Mwaka 1992 ilitolewa namna ya vijana wa miaka 14 hadi 18, yenye sentensi 478.

Sentensi 15 za kipimo cha awali zilikusudiwa kumgundua mtu anayejipamba. Akanaye udhaifu mdogo wa kila binadamu, kama kukasirika, hushukiwa kuwa hasemi kweli.

Tuchukue mfano. Msichana wa miaka 15 kutoka Ugogo, mtumishi wa nyumbani mjini, ameshtakiwa kwa wizi. Amelelewa asiwanung'unikie wakubwa. Hata mgonjwa akiulizwa "hujambo?" hujibu kwanza "sijambo", ndipo aeleze maradhi yake. Mbele ya mgeni mwenye karatasi, msichana huyu atasema hana hasira wala huzuni. Kipimo kitaona uongo mahali palipo na adabu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo. Hata hivyo, neno "mwongo" katika taarifa laweza kumwandama msichana miaka mingi. Kwa hiyo mwalimu azingatie haya:

(a) Aandike matendo aliyoyaona, pamoja na tarehe zake.
(b) Aeleze hali ya nyumbani na kazini: nani alimlisha, je, alilipwa ujira, je, alipigwa?
(c) Ashauri ahojiwe kwa lugha aliyoizoea, kama ni Kigogo au Kirangi, na mwanamke anayemwamini.
(d) Kipimo amwachie mtaalamu wa saikolojia, na matokeo yake yachukuliwe kuwa swali la kuchunguzwa zaidi.

Zoezi: Linganisha taarifa hizi mbili: "Ni mtoro na mkaidi", "Hakuhudhuria siku 9 za Februari, mama yake alipougua." Ipi itaisaidia Mahakama ya Watoto? Toa sababu.