Kukata Mnyororo wa Ugomvi kati ya Mzazi na Kijana



Ndugu msomaji, likizo inakaribia. Iwe unarudi Buyenzi, Rumonge au Gitega, huenda utakuta nyumbani jambo lile lile uliloliacha: mama au baba na mdogo wako wa miaka 14 au 15 wanagombana kila jioni, kwa maneno yale yale. Mara ni simu, mara ni kuchelewa kurudi, mara ni sala. Na kwa kuwa wewe ndiye msomi wa nyumba, utaambiwa: "Hebu zungumza na huyu mdogo wako."

Zungumza naye, ni haki yake. Lakini somo letu la leo linahusu upande wa pili ambao mara nyingi tunausahau: namna ya kumsaidia mzazi abadili hatua yake mwenyewe ndani ya ugomvi.

1. Ugomvi unaojirudia hujengwaje?

Mtaalamu wa Marekani, Gerald Patterson, na wenzake huko Oregon walitumia miaka mingi kuzitazama familia zikiishi maisha ya kawaida majumbani mwao. Mwaka 1982 alitoa kitabu kuhusu kazi hiyo. Jambo kuu alilolieleza ni kwamba katika ugomvi wa nyumbani kila upande humfundisha mwenzake.

Tuchukue mfano. Mama yuko jikoni, anaita: "Weka simu, kasali!" Kijana anajibu: "Nakuja." Dakika kumi zinapita. Mama anarudia kwa sauti ya juu. Kijana anajibu kwa ukali. Mama anachoka, anasema, "Shauri yako," anaondoka. Hapo kijana amejifunza kwamba ukali huondoa amri.

Kesho yake mama hachoki. Anapiga kelele mpaka jirani anasikia, na kijana anainuka. Hapo mama naye amejifunza kwamba bila kelele hasikilizwi. Siku ya tatu wote wawili wanaanzia pale walipoishia. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Kila mmoja anapata nafuu ya jioni moja, kisha anailipa kwa ugomvi mkubwa zaidi.

Kwa hiyo hatuna haja ya kutafuta nani mkosaji. Mnyororo hukatika ikikatwa pete moja tu. Tunaanza na pete ya mzazi kwa sababu yeye ndiye mtu mzima, si kwa sababu ndiye mwenye makosa.

2. Upole si kulegeza sheria

Wazazi wengi wanaogopa kwamba wakishusha sauti watakuwa wamesalimu amri. Hebu tukumbuke kisa alichokipokea Imam Ahmad, cha kijana aliyemwendea Mtume (s.a.w.) kuomba ruhusa ya kuzini. Waliokuwepo walimkemea. Mtume (s.a.w.) alimwita karibu, akamuuliza kama angeliridhia jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake. Kisha akamwekea mkono na kumwombea dua. Zinaa ilibaki haramu vile vile. Hakuna hukumu iliyolegezwa. Kilichotofautiana na makemeo ya wengine ni njia ya kumfikia yule kijana.

Naye Luqman, katika Sura ya 31, anamwita mwanawe kwa wito wa mapenzi mara tatu, huku akimpa maagizo mazito kabisa: tauhidi, sala na subira.

3. Hatua za kumsaidia mzazi

*Chagua wakati.* Usimshauri mzazi katikati ya ugomvi, wala mbele ya mdogo wako. Subiri mkiwa wawili, baada ya chakula.

*Uliza, usihutubie.* Mzazi hafundishwi na mwanawe kama mwanafunzi. Muulize kwa adabu: "Mama, jana ilianzaje? Yeye akajibu nini? Kisha ikawaje?" Akisimulia siku mbili tatu, ataona mwenyewe kwamba ni mchezo mmoja unaorudiwa. Muulize pia: "Siku ambayo hamkugombana, kulikuwa na tofauti gani?"

*Jambo moja kwanza.* Simu, marafiki, nguo na masomo haviwezi kutengenezwa wiki moja. Achague moja.

*Makubaliano kabla, maneno machache baadaye.* Kwa mfano, wakubaliane kwamba adhana ikisikika simu inawekwa sebuleni, na asiyetimiza anaikosa usiku ule. Wakati ukifika, mzazi amsogelee, aseme mara moja kwa sauti ya kawaida. Asitishie jambo ambalo hatalifanya. "Nitakufukuza" lisipotekelezwa hulifanya neno la mzazi kuwa jepesi, na likitekelezwa humpoteza mtoto.

*Hasira ikipanda.* Tumefundishwa kwamba mwenye hasira akiwa amesimama akae, na isipomtoka alale. Mzazi aseme, "Tutalizungumza baada ya Isha," na kweli alirudie baada ya Isha. Kuondoka bila kurudi ndiko kushindwa.

*Aone jema.* Siku kijana akiitikia mara ya kwanza, asifiwe siku hiyo hiyo.

Mwonye mzazi mapema: siku za mwanzo kijana ataongeza ukali, kwa sababu njia yake ya zamani haifanyi kazi tena. Wengi hukata tamaa hapo. Akivumilia, ukali huo hupungua.

Haya yamejaribiwa Afrika. Katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, mafunzo ya wazazi na vijana yaliyoitwa Sinovuyo Teen yalipimwa kwa familia 552. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba unyanyasaji ulipungua na wazazi wakawa karibu zaidi na watoto wao. Majirani zetu wa Tanzania wana mafunzo yaliyotokana na hayo, yanayoitwa Furaha Teens.

Tahadhari: kukiwa na kipigo cha kuumiza, dawa za kulevya au kijana anayezungumzia kujiua, hilo si la mazungumzo ya baada ya chakula tu. Mshirikishe haraka mkubwa wa familia anayeaminika, imamu na mhudumu wa afya.

4. Kwa nini jambo hili ni letu

Hapa chuoni tunawaona wenzetu waliokuwa wakiamshwa Alfajiri kwa kelele na matusi. Walipofika hosteli kelele zilikoma, na sala nayo ikakoma. Mdogo wako atafika hapa baada ya miaka minne au mitano. Atakachokuja nacho kinajengwa jioni hizi.

Maswali ya halaqa

1. Nyumbani kwenu, ugomvi unaojirudia huanza kwa neno gani?
2. Ni pete ipi mzazi anaweza kuibadilisha wiki hii?
3. Wewe mwenyewe unachangia nini katika mnyororo huo?

Allah atujaalie wenza na watoto watakaokuwa kitulizo cha macho yetu. Amin.