Virusi vya Kuua Viwavi: Vinavyozalishwa na Vinavyotumika

Mkazi wa Umoja, Kayole au Dandora anayepanda sukuma wiki kwenye magunia anawajua viwavi vizuri. Akipuliza dawa ya kemikali, anapaswa kungoja siku zilizoandikwa kwenye kibandiko kabla ya kuvuna. Wengi hawangoji, kwa kuwa mboga inatakiwa jioni hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo ni vyema wakazi waifahamu dawa ya aina nyingine, inayotengenezwa kwa virusi vya wadudu.

Virusi hivi, viitwavyo bakulovirusi, hukaa juu ya jani vikiwa vimefunikwa na chembe ndogo za protini. Kiwavi akila jani, majimaji ya tumbo lake yenye alkali huyeyusha protini hiyo, na virusi huingia katika seli zake na kuzaana. Siku chache baadaye kiwavi hulegea na kufa, mwili ukapasuka na kumwaga chembe mpya juu ya majani. Binadamu, kuku na nyuki hawaambukizwi. Virusi vya nondo wa kabeji vimewahi kupatikana katika mashamba ya humu nchini.

Kazi ngumu ni kuvizalisha. Kirusi hakikui kwenye maji ya sukari kama hamira. Sharti kipate seli hai za mdudu. Njia iliyozoeleka ni kufuga viwavi kwa maelfu, kuwaambukiza, kisha kuwasaga. Njia nyingine ni kukuza seli pekee ndani ya tangi, kwenye joto la nyuzi 27 hivi. Seli zinazotumika sana zilitolewa Marekani miaka ya 1970 kwenye ovari za kiwavijeshi vamizi, mdudu yule yule aliyeingia Kenya mwaka 2017 na kuharibu mahindi. Tangi huondoa usumbufu wa kufuga, lakini chakula cha seli ni ghali. Isitoshe, virusi vikihamishwa mara nyingi kutoka seli hadi seli hupoteza uwezo wa kuunda zile chembe za protini, na bila chembe hizo hakuna dawa. Hivyo dawa nyingi za virusi zilizoko sokoni bado hutokana na viwavi wenyewe.

Unaponunua, hakikisha kuna nambari ya usajili ya PCPB na jina la mdudu wako: dawa ya viwavi wanaotoboa nyanya haitawagusa wa kabeji, na vidukari haiwadhuru kamwe. Puliza jioni, maana jua huua virusi, na viwavi wakiwa bado wadogo. Ukiwaona wakitembea kesho yake usirudie kupuliza. Wape hadi wiki moja.