SOMO LA KOMPYUTA: Diski haionekani? Usikimbilie kuifomati



Tarehe 25 Machi 2021, dozi 132,000 za kwanza za chanjo ya Korona kwa Sudan Kusini zilishushwa katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba. Chanjo ile, kama nyingine nyingi, ilitakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 mpaka siku ya kuchanjwa mtu.

Chanjo ikishatoka uwanjani na kufika kituoni, baridi yake hupimwa na kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya friji, kama vile Fridge-tag 2. Kioo chake huonyesha siku 30 zilizopita. Hutoa alama ya hatari joto likizidi nyuzi 8 kwa saa 10, au likishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri kwa saa 1. Ukikichomeka kwenye kompyuta, hutokea kama flashi yenye ripoti ndani yake.

Tatizo ni pale kisipotokea. Wengi hudhani kimekufa. Mara nyingi si hivyo.

Fuata hatua hizi:

1. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyo. Jaribu tundu jingine, kisha kompyuta nyingine.

2. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha Enter. Utaona diski zote, hata zisizo na herufi.

3. Kama diski ipo lakini haina herufi, au herufi yake imeshachukuliwa na folda ya mtandao wa ofisi, hilo ndilo kosa. Kompyuta inaiona, ila haina mlango wa kukufungulia.

4. Bofya kwa kitufe cha kulia juu ya diski hiyo, chagua "Change Drive Letter and Paths", uipe herufi ya mbali kama T. Ukikataliwa, mwite msimamizi wa kompyuta.

5. Fungua diski, nakili ripoti kwenye kompyuta, kisha itoe kwa usalama kabla ya kuchomoa.

ONYO: Windows ikiuliza kama unataka kuifomati diski, jibu HAPANA. Kufomati ni kufuta. Niliwahi kuona ripoti za mwezi mzima zikipotea kwa kubofya mara moja tu. Na kama mafolda yamegeuka kuwa njia za mkato, hiyo ni dalili ya virusi. Usiyabofye, safisha kwanza kwa programu ya kuua virusi.

Kumbuka: bila ripoti, hatujui kama chanjo iliganda au ilipata joto. Chanjo iliyoharibika haibadiliki sura kila mara. Mama anayemleta mtoto hawezi kuijua kwa macho, wala sisi hatuwezi. Kinachotuambia ni ile ripoti. Itunze.