Pigo, Mdundo na Mkato: Ulinganishaji wa Picha na Muziki kwa Kompyuta

1.0 Utangulizi

Makala hii inajadili namna programu za kompyuta zinavyokata picha za video ili mikato iangukie kwenye mapigo ya muziki. Suala hili huonekana kuwa la mafundi peke yao. Hata hivyo, ndani yake mna swali la kiisimu: je, ridhimu imo katika sauti yenyewe au katika akili ya msikilizaji? Inadaiwa hapa kwamba pigo ni tafsiri ya sauti, na kwamba tafsiri ya programu hutegemea dhana za aliyeiunda. Dhana hizo zisipochunguzwa, muziki wenye mpangilio tofauti hupotoshwa.

2.0 Istilahi

Katika mazungumzo ya kawaida, maneno pigo na mdundo hubadilishana nafasi. Kwa madhumuni ya uchambuzi, yafaa yatenganishwe. Mdundo ni sauti inayosikika, kwa mfano ya ngoma inapopigwa. Pigo ni nukta ya wakati ambayo msikilizaji huihesabu, hata akapiga kofi au kutikisa kichwa. Mdundo huweza kutokea nje ya pigo, na pigo huweza kupita bila mdundo wowote. Mkato ni mpaka baina ya picha moja na inayofuata.

3.0 Utaratibu

Programu nyingi hupitia hatua tatu. Kwanza, sauti hugawanywa katika vipande vifupi na kupimwa nguvu yake. Nguvu inapoongezeka ghafla, huchukuliwa kuwa sauti mpya imeanza. Pili, huchunguzwa muda ambao vianzo hivyo hujirudia, na tempo hukadiriwa. Tatu, hutafutwa mfuatano wa nukta unaoafikiana na vianzo vyenye nguvu na ambao nafasi zake zinakaribia kulingana. Utaratibu wa namna hii ulielezwa na Daniel Ellis mwaka 2007. Ni dhahiri kwamba hatua ya kwanza hushughulikia midundo, na ya tatu mapigo. Hatua hiyo ya tatu si kipimo tena bali ni kanuni.

4.0 Matatizo

4.1 Hesabu ya fremu

Video yenye fremu 25 kwa sekunde hutoa fremu moja kila milisekunde 40. Muziki wenye mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila milisekunde 500, yaani fremu 12.5. Kwa kuwa fremu haigawanyiki, mhariri anayekata kila baada ya fremu 12 hupoteza milisekunde 20 kwa kila pigo. Baada ya mapigo 25 atakuwa ametangulia kwa pigo zima. Njia iliyo sahihi ni kuhesabu kila mkato kutoka mwanzo wa wimbo, si kutoka mkato uliotangulia.

4.2 Vianzo laini na silabi

Ngoma huanza ghafla. Fidla ya taarab huingia taratibu, na kwa hiyo kianzo chake ni vigumu kukitambua. Sauti ya mwimbaji huleta utata zaidi. Morton, Marcus na Frankish walionyesha mwaka 1976 kwamba wakati ambao silabi huhisiwa kutokea si lazima uwe ule inapoanza kusikika. Tuchukue silabi ya kwanza ya neno mbali. Nazali hutangulia irabu, lakini msikilizaji huelekea kuliweka pigo karibu na mwanzo wa irabu. Mkato uliowekwa kwenye nazali utahisiwa kuwa umewahi.

4.3 Ngazi za mapigo

Kosa linalojulikana sana ni lile la programu kutoa tempo maradufu au nusu ya ile inayohisiwa. Katika chakacha ya pwani ya Kenya tatizo ni kubwa zaidi. Vipigo vidogo sita huweza kukusanywa katika mafungu mawili ya vitatu au matatu ya viwili, na mvutano baina ya mafungu hayo ndio uhai wa ngoma yenyewe. Programu inayolazimika kutoa mfuatano mmoja tu huchagua upande mmoja na kuufuta wa pili. Hapo mtazamaji hufundishwa na macho yake ridhimu ambayo mchezaji haichezi.

5.0 Hitimisho

Mwaka 1929 Sergei Eisenstein alitofautisha uhariri unaofuata urefu wa vipande peke yake na ule unaozingatia pia mwendo uliomo ndani ya picha. Ukataji wa kompyuta unaofuata mapigo tu haujavuka sana aina ile ya kwanza. Inapendekezwa kwamba nukta zinazotolewa na programu zichukuliwe kuwa rasimu. Kabla ya kukata, mhariri na abaini ngazi ya pigo anayoifuata. Na panapokuwa na ngazi mbili, miguu ya wachezaji ni ushahidi bora kuliko kipimo cha nguvu ya sauti. Aidha, istilahi pigo na mdundo zikitenganishwa katika ufundishaji, mwanafunzi atapata nyenzo ya kueleza kosa ambalo sikio lake limekwishaligundua.