Ubongo Unaouliza Swali Lile Lile

Hapa chuoni, ukipanga madaftari yako kwa mstari tu, rumumeti wako anakwambia, "Wewe una OCD." Utani si mbaya, ila umeuficha ugonjwa wenyewe. Wapo wanachuo wanaougua kweli kweli, wakidhani wanachanganyikiwa, wamerogwa, au imani yao imepungua. Mimi ni mmoja wa wanaoishi nao, na nilianza matibabu nikiwa mwaka wa pili. Makala hii inaueleza kwa kutumia somo ambalo sisi wa elimu tunalisoma kila siku: jinsi binadamu anavyojifunza.

Ugonjwa wenyewe

OCD ina sehemu mbili. Ya kwanza ni mawazo au picha zinazoingia kichwani bila hodi na kurudi tena na tena: mikono ina vijidudu, jiko la gesi halijazimwa, nitamsukuma mtu barabarani, nimemkufuru Mungu moyoni. Ya pili ni vitendo vya kujituliza: kunawa, kukagua, kuhesabu, kuuliza, kuomba toba upya. Vingine hufanyika kichwani tu, hata uliyekaa naye dawati moja haoni.

Kila mtu huwa na mawazo ya ajabu. Mwaka 1978 watafiti Rachman na de Silva walionyesha kwamba hata watu wasio wagonjwa hupatwa na mawazo ya aina ile ile. Tofauti ni kwamba wao huyaacha yapite, wakati mgonjwa anayashika na kuyaogopa. Anayeogopa kumdhuru mdogo wake anaogopa kwa sababu anampenda. Wazo hilo si nia yake.

Kipimo kinachotumika sana hospitalini ni hiki: je, mambo haya yanakula zaidi ya saa 1 kwa siku, au yanavuruga masomo na mahusiano? Kwa wengi huanza utotoni au ujanani, kabla ya miaka 25. Yaani umri wetu huu huu.

Na tusiseme ni ugonjwa wa Wazungu. Neno letu "wasiwasi" limetoka katika Kiarabu, *waswas*, kunong'onezwa, na Waarabu leo huuita ugonjwa huu wasiwasi unaolazimisha. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kuhusu mawazo yanayojirudia katika kitabu chake cha afya ya mwili na nafsi. Na mashehe kwa karne nyingi wamemshauri anayerudia udhu bila mwisho kwamba asiusikilize wasiwasi, aendelee na sala yake.

Kwa nini haukomi?

Waliosoma saikolojia ya elimu wanamkumbuka Skinner na uimarishaji hasi: kitendo kinachoondoa maumivu hujirudia. Sasa tazama kufuli la chumba changu hosteli. Nafunga, naanza kwenda pindi. Wazo linakuja: labda hujafunga, laptopu ya mwenzio itaibwa leo. Moyo unadunda. Narudi, navuta kufuli, limefungwa. Hofu inashuka palepale, na ubongo umeshapata zawadi yake. Kesho utadai nivute mara 3, wiki ijayo mara 10.

Kibaya zaidi, kukagua sana hakuongezi uhakika. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi, van den Hout na Kindt, waliwapa watu kazi ya kukagua jiko la gesi kwenye kompyuta mara nyingi. Baada ya hapo imani yao katika kumbukumbu zao ilipungua. Ndivyo ilivyo hata kwenye UE: ukiisoma namba yako ya usajili mara ya ishirini, tarakimu zinaanza kuonekana ngeni, na saa ukutani haikusubiri. Mtu anaweza kupata sapu kwenye somo analolijua vizuri kabisa.

Tiba: kuufundisha ubongo upya

Kama ubongo umejifunza hofu hii, unaweza kufundishwa vingine. Mwaka 1966, jijini London, Victor Meyer aliripoti wagonjwa wawili waliopata nafuu kwa kukutanishwa na wanachokiogopa huku wakizuiwa kufanya vitendo vyao vya kujituliza. Njia hiyo ndiyo msingi wa tiba ya mazungumzo inayotumika hadi leo.

Hufanyika kwa ngazi, pamoja na mtaalamu. Unaorodhesha hofu zako kutoka ndogo hadi kubwa, unaanza na ndogo. Mimi nilianza na kabati la nguo, mlango ukafuata baadaye: funga mara moja, ondoka. Hofu inapanda kweli, jasho linakutoka, lakini usipoilisha hushuka yenyewe, na siku nyingine hata isiposhuka unagundua unaweza kukaa nayo darasani. Nilishauriwa pia nisipige picha ya kufuli kwa simu, maana picha nayo ingegeuka kitu cha kukagua.

Dawa zipo, kama fluoxetine na sertraline. Clomipramine imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Huandikwa na daktari, huweza kuchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha nguvu yake, na haziachwi ghafla. Anza na ofisi ya ushauri nasaha chuoni au hospitali ya rufaa ya mkoa. Muhimbili na Mirembe pia wana wataalamu wa afya ya akili.

Wewe rumumeti, wewe mwalimu mtarajiwa

Mwenzio akikuuliza mara ya tano, "Una uhakika tumefunga?", huruma itakutuma umjibu. Jibu hilo ni sawa na kuvuta kufuli kwa niaba yake. Lakini usimcheke, wala usimfiche sabuni kwa nguvu. Kubalianeni mapema, akiwa ametulia. Mimi na mwenzangu tulipatana kwamba swali la pili analijibu hivi: "Huo ni wasiwasi wako unauliza. Twende pindi."

Na tukienda BTP, tutamkuta mwanafunzi anayefuta sentensi hadi karatasi inatoboka, au anayekaa bombani mpaka kipindi kinaisha. Ni rahisi kumwita mzembe na kumchapa. Kiboko kinaongeza hofu, na hofu ndiyo chakula cha ugonjwa huu. Muulize faraghani nini kitatokea akiacha bila kufuta. Akikujibu kwa woga mkubwa kuliko kosa lenyewe, zungumza na mzazi, kisha mwelekezeni hospitali.

Wasiwasi wangu haujaisha. Bado unanong'ona karibu kila asubuhi. Ila zamani ulinichelewesha dakika 40, siku hizi ni 5, na siku nyingine naingia pindi kabla ya mwalimu. Kama umejiona humu, usisubiri wiki ya UE. Nenda wiki hii.